Mashoto wa Kwenye Simu

Mimi nina hasira, na nalisema mapema ili anayetaka maneno ya asali akayatafute kwingine. Naitwa Mwaija, mshonaji, mzaliwa wa Kaole, mke wa Salumu wa mji mkongwe hapa Bagamoyo. Nina mtoto mmoja tu, Adila, msichana wa kidato cha kwanza, na haya yote ni juu ya mkono wake.

Neno lililonichoma ni hili: mashoto. Ndivyo anavyoitwa mtu ambaye mkono wake wa nguvu ni wa kushoto. Babangu alikuwa mashoto. Jembe, panga, kamba, vyote alivishika kwa kushoto, na hapana mtu Kaole aliyemwona ana kasoro. Chakula kikija alinawa akala kwa kulia, akimsalimia mtu alimpa mkono wa kulia, maana hiyo ni suna na ni adabu, na mimi sina ubishi nayo. Kazi nyingine zote alifanya kwa mkono aliopewa na Mola wake. Adila alipozaliwa akaja na mkono wa babu yake, nami nikasema nitamlea vilevile.

Thubutu. Ndani ya nyumba yetu yuko wifi yangu Wahida, dada mkubwa wa Salumu. Aliachika akarudi kwao, na kwa kuwa nyumba ni ya baba yao, sauti ni yake. Siku ile alipomwona Adila ameshika kalamu kwa kushoto, akalitamka lile neno kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali. Akasema huyu atakuwa mashoto, atakuja kututia aibu ukweni. Akachana kipande cha kanga kuukuu, akaufunga mkono wa mwanangu ubavuni. Akila, umefungwa. Akiandika, umefungwa. Akifagia uwanja, umefungwa. Na ikitokea mtoto kajisahau, mwiko unamshukia kwenye vidole.

Msidhani nilinyamaza. Nilikuwa nafungua, yeye anafunga. Nikisema, naambiwa samaki mkunje angali mbichi. Nikimwendea Salumu, ananijibu kwamba dada ndiye aliyemlea hata yeye, na mbona hakufa. Nikaufikisha ugomvi kwa mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, naye akaniambia mtoto ni wa kwa baba yake, mimi nililetwa kuolewa, sikuletwa kuwafundisha watu malezi. Mtu wa Kaole anajua nini? Hilo alilisema mbele ya wageni, huku mimi nawamiminia kahawa.

Basi mtoto akakunjika. Akaandika kwa kulia, mwandiko unapanda na kushuka. Akakata vitunguu kwa kulia, akajikata. Kitambaa kikaondolewa kwa sababu hakikuhitajika tena, ule mkono wa kushoto ukawa unajikalia wenyewe tu mapajani, umetulia. Wahida akawa anajisifu kwa majirani.

Alipoingia sekondari akajiunga na timu ya mpira wa mikono. Anaupenda mchezo ule mpaka usingizini anautaja. Mwalimu wao ni Mwalimu Mgeni, mama mmoja mfupi, mkali, mwenye filimbi shingoni hata akija kushonesha nguo kwangu. Ndiye aliyenieleza kwamba Adila ana miguu ya kasi na akili ya mchezo, lakini mrusho wake ni dhaifu, hivyo anakaa benchi. Nikamwambia mtoto huyo mashoto, walimgeuza. Mwalimu Mgeni akaiweka chini nguo aliyokuwa anaipima. Akasema mashoto kwenye mchezo ule ni lulu, kwa sababu akisimama upande wa kulia wa uwanja goli lote linakuwa wazi mbele ya mkono wake, na timu yake yote haina hata mmoja. Akasema akiupata tena ule mkono kabla ya mashindano ya mkoa kule Kibaha, nafasi ni yake.

Kwa hiyo tukaanza, mimi na mwanangu, uani nyuma ya jiko. Mwanzoni mpira ulikuwa unamponyoka kama sabuni. Halafu ukaanza kufika ukutani. Halafu siku moja ukaupiga ukuta mpaka chokaa ikamwagika, na Adila akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu akiwa mdogo. Kicheko hichohicho ndicho kilichomtoa Wahida chumbani. Akasimama mlangoni, akatutazama, akaenda moja kwa moja kwa kaka yake. Jioni ile Salumu akapiga marufuku. Alisema hataki kurudi nyuma kwa jambo lililokwisha, na kwamba dada analia. Wahida kulia, wallahi, ni kama bomba la shule, ukiligusa tu linamwaga.

Sasa ndipo alipoingia yule Mswidi.

Anaitwa Tyra Hallmarsson, anacheza mpira wa mikono huko kwao Uswidi, na sina ugomvi naye, hajui kama sisi tupo. Kijana mmoja wa Dar alichukua video yake akiruka, anajipinda hewani, anaachia mpira kwa mkono wa kushoto na kipa anabaki ameduwaa. Akaibandikia muziki wa singeli. Ikasambaa. Watanzania wakamiminika kwenye ukurasa wa yule dada, maelfu kwa maelfu, wanamwandikia Kiswahili kitupu, wanamwita Mashoto. Naye akauliza neno hilo maana yake nini, akaambiwa, akafurahi, akajirekodi akisema "Mimi ni Mashoto" kwa ulimi mzito. Yakaisha hapo. Sisi tunajijua, mzungu akisema neno moja la Kiswahili tunampa uraia, shamba na mume.

Bagamoyo nzima ikachizika. Kinyozi akachora mkono wa kushoto kwenye kibao chake. Watoto wakawa wanarusha machungwa kwa kushoto mpaka wauzaji wakawafukuza. Wanawake wakaniletea jezi za watoto wao niwashonee MASHOTO mgongoni, nami nikazishona, kazi ni kazi, lakini kila herufi niliyokuwa naipitishia sindano ilikuwa inanichoma mimi. Mmoja wa wanawake hao namjua vizuri. Mtoto wake wa kiume ni mashoto kweli, na anamchapa.

Na Wahida? Wahida ana ukurasa wake mtandaoni anauza udi, mabaibui na mitandio, na mtu wa biashara huenda palipo na watu. Asubuhi moja nikafungua simu nikaona kaweka picha ya yule Mswidi, ameizungushia mioyo, na chini ameandika: "Mashoto wetu, mkono wa baraka." Mkono wa baraka! Nilisoma mara mbili, nikadhani macho yangu yameota ukungu. Mikono ni ileile, tofauti ni kwamba mmoja uko Uswidi na una wafuasi, mwingine uko jikoni kwetu unachambua mchele.

Nikamwendea. Nikamsalimia vizuri, maana ni mkubwa wangu, kisha nikamuuliza hiyo baraka imeshuka lini. Akanicheka. Akasema, wifi, wewe unachanganya mambo, yule ni mchezaji wa dunia, na huku ni nyumbani. Nikamwambia nyani haoni kundule. Akaniambia nikaendelee na cherehani yangu.

Haikupita muda, yule Tyra akatangaza kwamba watoto mashoto popote walipo wajirekodi wakirusha mpira kwa kushoto, na wale watakaomfurahisha atawaonyesha kwenye ukurasa wake. Wahida akaja mbio chumbani kwangu, mtandio umemvuka kichwani. Alikuwa na uso wa bashasha ambao sijawahi kuuona ukinielekea mimi. Akasema tunaye! Tunaye mashoto wetu wenyewe humu ndani, tena ana jezi. Kesho yeye ataingia mubashara kutoka uwanja wa shule, Adila atarusha, Mswidi ataona, na ukurasa wake utapaa.

Nilimwambia kwamba mkono aliouua haufufuki kwa sababu yeye ana mabaibui ya kuuza. Akaniita mchawi wa riziki za watu. Salumu akaingia kati, akasema ni jambo la heri, liwe tu. Yeye aliyepiga marufuku juzi! Nikamtazama mume wangu, nikaona kweli haoni. Nikamgeukia Adila, nikamuuliza yeye anataka nini. Akajibu taratibu kwamba Mwalimu Mgeni atakuwepo uwanjani, na akirusha vizuri labda atamwona, labda ataenda Kibaha. Hapo nikaacha ubishi. Mtoto alikuwa anaona mlango, na mimi sikutaka kuwa wa kuufunga.

Uwanjani watu walijaa. Wahida amejipamba, simu ameishika juu, anazungumza na watu wa mtandaoni kwa sauti ya kubembeleza: karibuni wapendwa, huyu ndiye Mashoto wa Bagamoyo, damu yangu, nimemlea mwenyewe kwa mkono wangu. Nimemlea kwa mkono wangu, mnasikia hayo? Adila akaupokea mpira. Akauhamisha kushoto. Akakimbia vizuri, akaruka vizuri, mguu ule wa kasi anaousifu Mwalimu Mgeni. Lakini mkono ulipofika juu ukasita. Nilikuwepo, nimeona. Ulisita kama unasubiri kupigwa. Mpira ukatoka hauna uhai, ukadunda, ukabingirika mpaka miguuni kwa kipa, naye akauokota kwa mkono mmoja.

Watu wakacheka. Wakacheka na wa kwenye simu, kwa sababu Wahida alianza kuyasoma maneno yao kwa sauti: mashoto feki, huyo mashoto au mgonjwa. Angeweza kuzima. Hakuzima. Alicheka nao, akamgeuzia mtoto kamera, akamwambia, "Adila, unanitia aibu. Mkono gani huo, mkono wa mlenda?"

Adila akaushika mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia, akautazama chini kana kwamba umemkosea yeye.

Mimi sikumbuki kutembea. Nakumbuka simu iko mkononi mwangu na uso wangu uko kwenye kioo chake. Nikasema maneno machache na nikayasema bila kupiga kelele: "Huyu ni mwanangu, na ni mashoto kweli. Mkono wake ulifungwa kitambaa na kupigwa mwiko mpaka ukakoma kuwa mkono. Aliyeufunga ni huyu anayewauzia mabaibui. Muulizeni yeye kwa nini mpira haukufika." Kisha nikamrudishia simu yake kwa heshima, kwa mkono wa kulia.

Yaliyofuata mnayajua, ndivyo mtandao ulivyo. Wapenzi wa yule Mswidi wakamvamia Wahida. Wakamtukana yeye, na mama yake aliye kaburini, na udi wake. Hilo nalo lilinikera. Nusu ya waliotukana nawajua kwa majina ya watoto wao. Yule mwenye mtoto mashoto anayemchapa aliandika kwamba Wahida hana utu, akaweka na machozi matatu. Basi jazba ile haikuwa ya Adila hata kidogo, hakuna aliyeuliza kama mtoto amelala, amekula, kama mkono unamuuma. Walikuwa wanampigania mzungu wao.

Wahida akaufunga ukurasa, akajifungia chumbani, akalia mpaka Salumu akamwita baba yao mkubwa, Mzee Abdulwahab, aje atusuluhishe. Ndicho kikao cha juzi, baada ya sala ya Ijumaa, sebuleni kwetu. Tulimwamkia, akaitika marahaba, akakaa. Mzee ni mpole, sina neno baya juu yake. Alisema kosa la kulea lipo, lakini kosa la kuianika nyumba barabarani ni kubwa kuliko hilo. Nikasema mimi sitaomba radhi, hata waniandikie talaka hapohapo. Salumu akakunja uso. Wahida akasema kwa sauti ya kukwama kwamba yeye hataki radhi yangu, anataka ya mtoto, kwa kuwa yeye ni shangazi yake, alimlea, na ameaibishwa kwa sababu yake.

Kwa sababu yake! Nilitaka kuinuka. Mzee akanyoosha kiganja, nikakaa.

Ndipo Salumu akasema lile alilokuwa amelipanga. Mwalimu Mgeni alikuwa amekuja dukani kwake kumwomba Adila aende Kibaha na timu. Alimwambia kwamba mtoto ameruka vile mbele ya umati ule bila woga, mkono utarudi kwa mazoezi, yeye mwenyewe ataurudisha. Salumu akasema ruhusa hiyo anayo yeye, na ataitoa kwa sharti moja. Akamwita Adila kutoka jikoni. Akamwambia, mbele yetu sote, kwamba akitaka kwenda Kibaha ampe shangazi yake mkono, amtake radhi, na neno liishe.

Mwanangu akasimama mlangoni akifuta mikono kwenye kanga. Alimtazama baba yake, akanitazama mimi. Sikumpa ishara yoyote. Kama angetaka kuomba radhi aende Kibaha, mimi ningelimeza hilo donge, ningelimeza zima zima. Ni Kibaha yake, si yangu. Akatembea polepole mpaka mbele ya Wahida, akapiga goti kama alivyofunzwa, akanyoosha mkono.

Wa kushoto.

Mtu wa pwani hana haja ya kuelezwa. Mtoto hampi mkubwa wake mkono wa kushoto, hata akiwa mgonjwa, hata akiwa amebeba mzigo. Atautua mzigo kwanza. Mzee Abdulwahab akavuta astaghafirullahi kwa sauti ndogo. Salumu akasema, "Adila. Mkono wa kulia."

Adila hakugeuka. Alikuwa anamtazama Wahida usoni, bila jeuri, kwa ule utulivu wa mtu anayeuliza swali la kweli. Akasema, "Shangazi, si ndio huu uliouandika una baraka? Basi upokee."

Wahida akautazama ule mkono ulio mbele yake, vidole ambavyo alivijua kuliko mtu yeyote pale. Kisha akavuta mtandio wake mbele, akaificha mikono yake mwenyewe ndani, yote miwili.

Nilijichunguza kama naona aibu, maana mtoto wangu alikuwa amevunja adabu mbele ya mzee, na mimi ndiye mama. Sikuiona. Niliiona hasira yangu tu, imekaa palepale pa siku zote, na safari hii haikuwa peke yake.

Nikasema Kibaha ataenda. Sikumuuliza mtu. Salumu aliinamisha kichwa akawa anaangalia mkeka, na Mzee Abdulwahab akaanza kutafuta bakora yake. Adila alikuwa bado amepiga goti, na mkono ameunyoosha, anasubiri.